Nyumba ya kupangisha si hela ya kulala: hesabu ya siku 61 za duka langu



Wiki iliyopita dada mmoja wa Nachingwea aliniandikia hivi: "Dada, nimeuza ufuta, nina milioni nne mkononi. Nataka ninunue kiwanja nijenge vyumba vya kupangisha, nipumzike na haya mambo ya duka. Unanishauri nini?"

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Ni lile neno "nipumzike" lililonigusa. Na mimi ndivyo nilivyodhani. Nina duka la rejareja hapa Narung'ombe, wilaya ya Ruangwa, na nyuma yake sasa hivi nina vyumba vinne vya kupangisha. Sijutii kuvijenga. Ila kuna hesabu ambayo hakuna aliyenifundisha kabla sijaanza, nikaja kuifanya hela imeshatoka. Leo nawapa yote, na namba zake, ili usirudie makosa yangu.

Nilivyoingia

Ilikuwa Juni 2022, msimu wa ufuta. Minada imefanyika, watu wamelipwa, na wateja wangu wa daftari la madeni wamekuja kulipa. Nikajikuta na hela ambayo sikuizoea. Kuna kaka mmoja alikuwa anauza kiwanja kando ya barabara, kina mikorosho mitano. Bei shilingi 1,200,000. Tukakubaliana barazani kwake, nikampa nusu siku hiyo hiyo. Karatasi tuliyoandika ilitoka kwenye daftari la mtoto wake wa darasa la tano. Shahidi alikuwa bodaboda aliyenileta.

Mwezi huo huo nikaweka vijana wa kufyatua tofali. Maji huku kwetu ni shida toka zamani. Wanaojua historia watakwambia Waingereza na Wajerumani walipigana hapa Narung'ombe Julai 1917, na visima vya maji vilikuwa sehemu ya kilichogombaniwa. Basi na mimi nikanunua maji kwa dumu, na kila tofali lilinigharimu kuliko nilivyopanga.

Oktoba ikaingia, korosho zikaanza kudondoka. Asubuhi moja nafika kiwanjani namkuta bibi mmoja ameinama chini ya mkorosho, ana beseni, anaokota. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia vizuri tu, "Marahaba mwanangu." Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Hizi tofali za nani kwenye mikorosho ya marehemu kaka yangu?"

Aisee, miguu iliniisha nguvu.

Kumbe yule kaka hakuwa mwenye mali. Alipewa na mjomba wake alime na kuokota korosho. Mjomba alipofariki, yeye akaendelea kukitumia, na ukoo haukuwahi kukaa kikao kumkabidhi. Mnaotoka huku mnajua, sisi Wamwera tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mali ya mjomba ina wenyewe: dada zake na watoto wa dada zake. Mtu mmoja hasimami peke yake akauza. Mimi nimezaliwa huku, nalijua hilo toka utotoni, lakini siku ile nilikuwa nawaza bei tu. Nikaja kugundua pia kwamba hata mke wa yule kaka alikuwa hajui kama mumewe ameuza.

Ujenzi ukasimama. Mvua za Desemba zikanikuta na tofali mbichi kama 2,000 ambazo hazijaingia tanuri. Zikarudi kuwa udongo. Huku dukani nilishatoa shilingi 2,500,000 kwenye mtaji wa milioni nne. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi akaniambia, "Mama, siku hizi duka lako lina chumvi na viberiti tu." Alikuwa anatania, lakini usiku ule sikulala.

Tulivyomaliza

Namshukuru Mungu ukoo wenyewe ni wa watu waungwana. Tulikaa kikao cha ukoo mara mbili, halafu tukaenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe saba, na sheria inataka angalau watatu wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Halitoi hukumu wala halimfungi mtu. Mkishindwana mnaendelea ngazi ya kata, ambako nako toka sheria ibadilishwe mwaka 2021 kazi ni usuluhishi tu. Kesi yenyewe inasikilizwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ukifika huko jiandae kwa muda mrefu na nauli nyingi.

Sisi tuliishia kijijini. Nililipa shilingi 300,000 ya ziada kwa ajili ya mikorosho. Bibi na wadogo zake wakaweka dole gumba, mke wa muuzaji akasaini, na mara hii mkataba uliandikwa na wakili. Halafu maombi yakapelekwa kwenye kikao cha Halmashauri ya Kijiji yakaingia kwenye muhtasari. Nikaanza kujenga Mei 2023. Mpangaji wa kwanza aliingia Septemba.

Miezi 15. Mimi nilidhani mitatu.

Hesabu ya kwanza: siku zako ni hela

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunahesabu saruji, bati na fundi, ila hatujihesabu sisi wenyewe. Mimi nina tabia ya kuandika kila siku kwenye daftari la duka, kwa hiyo niliweza kurudi nyuma nikahesabu siku nilizofunga duka au kumwachia mdogo wangu:

- Kutafuta na kukagua kiwanja: siku 9
- Ofisi ya kijiji, kusubiri vikao na kufuatilia muhtasari: siku 11
- Safari za Ruangwa mjini, kwa wakili na TRA: siku 6
- Kusimamia ujenzi: siku 27
- Mgogoro: siku 8

Jumla siku 61. Siku nikiwepo dukani mwenyewe, faida yangu ilikuwa wastani wa shilingi 15,000. Siku akikaa mdogo wangu, shilingi 8,000, kwa sababu hajui nani anakopesheka na nani siyo. Tofauti ni 7,000. Zidisha mara 61, unapata shilingi 427,000. Hiyo hela hakuna fundi aliyeipokea, ila imetoka mfukoni kwangu.

Na usiseme utamwachia fundi asimamie mwenyewe. Siku nisipokuwepo, mchanganyiko wa saruji unakuwa mwepesi na mifuko inakuwa pungufu. Sisemi mafundi wote ni wezi. Nasema mali bila macho ya mwenyewe haina mwenyewe.

Hesabu ya pili: hela inarudi lini?

Nilivyotumia mpaka mlango wa mwisho:

- Kiwanja: 1,200,000
- Mikorosho: 300,000
- Wakili, ushuru, nauli na karatasi: 400,000
- Ujenzi wa vyumba vinne: 8,100,000

Jumla shilingi 10,000,000. Ilichukua misimu miwili ya ufuta na mmoja wa korosho kuikusanya.

Sasa kodi. Chumba kimoja shilingi 25,000 kwa mwezi. Vinne ni 100,000, kwa mwaka 1,200,000. Watu wengi hesabu yao inaishia hapo, wanasema "miaka minane nimerudisha."

Ngoja kwanza. Wapangaji wangu ni walimu, watumishi wa afya na makarani wanaokuja msimu wa minada. Mwalimu anahamishwa. Karani msimu ukiisha anaondoka. Kila chumba kwa wastani kinakaa wazi miezi miwili kwa mwaka, hapo 200,000 imeondoka. Inabaki 1,000,000. Bati linalovuja, kitasa, choo kilichojaa, rangi mpangaji akitoka: 150,000. Kodi ya serikali kwenye pango, asilimia 10 ya ile milioni: 100,000. Nabaki na 750,000.

Milioni kumi gawanya kwa 750,000. Ni miaka 13 na miezi kadhaa.

Usiogope hiyo namba. Kiwanja nacho kinapanda thamani, hasa sasa ambapo watu wanakuja Ruangwa kwa ajili ya kinywe na dhahabu. Lakini thamani iliyopanda huwezi kununulia mzigo wa dukani Jumatatu asubuhi. Ndiyo maana nasema: vyumba ni akiba ya miaka mingi, duka ndilo linalokulisha leo. Usimchinje ng'ombe wa maziwa ununue ndama.

Na kazi haiishi mpangaji akiingia. Mpaka leo natumia kama siku mbili kila mwezi kwa vyumba hivi. Juzi tu saa nne usiku napigiwa simu, mpangaji wa chumba namba tatu anagombana na wa namba nne kuhusu zamu ya kufagia uwanja. Nani ataamua kama siyo mimi?

Hesabu ya tatu: karatasi

Sasa tuingie kwenye sheria, twende taratibu. Mimi siyo wakili, naeleza nilichojifunza kwa kupigwa.

1. Jua ardhi ni ya aina gani.
Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Wewe unapewa haki ya kuitumia. Kuna ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Mijini mnaongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Vijijini kama huku kwetu tunaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Taratibu ni tofauti, usichukue ushauri wa mtu wa Dar es Salaam ukautumia Narung'ombe.

2. Kijijini, mhuri wa mtu mmoja hautoshi.
Anayesimamia ardhi ya kijiji ni Halmashauri ya Kijiji, kwa niaba ya wanakijiji. Ukinunua kwa mtu, lazima halmashauri ikae na kuridhia. Mwenyekiti akikugongea mhuri peke yake chini ya mwembe, huo ni ushahidi kwamba mlionana naye, basi. Mahakama zetu zimeshakataa mauzo ya ardhi ya kijiji kwa sababu halmashauri haikuridhia. Omba nakala ya muhtasari wa kikao. Na ukidaiwa malipo yoyote ya ofisi, mfano ile "asilimia 10" inayozungumzwa sana, uliza inatoka kwenye sheria gani na udai risiti ya serikali. Pasipo risiti, usitoe.

3. Uliza ukoo kabla ya kuuliza bei.
Kaa na majirani wa pande zote nne. Uliza: hapa palikuwa pa nani? Alifariki lini? Nani walirithi? Waliwahi kukaa kikao? Miti ni ya nani? Huku kusini mkorosho unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. Na usipuuze akina mama kwa kisingizio cha mila. Sheria ya 1999 imesema wazi, mila inayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi haina nguvu.
Ukitaka kuujua ukweli, nenda kiwanjani msimu wa korosho. Atakayekuja kuokota huenda naye ana haki yake pale.

4. Mume au mke wa muuzaji asaini.
Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Akikwambia "mke wangu hana neno," mjibu "basi aje asaini." Na wewe mnunuzi, kubalianeni nyumbani jina gani linaandikwa. Mimi na mume wangu tumeandika yote mawili. Hela ilitoka dukani kwangu, nguvu zilitoka kwetu sote.

5. Mkataba, wakili, ushuru wa stempu.
Mkataba uandikwe mbele ya wakili, uwe na vipimo, mipaka, picha za wahusika na mashahidi wanaokijua kiwanja. Ushuru wa stempu kwenye mauzo ya kiwanja ni kama asilimia 1 ya bei, unalipwa TRA. Wengi wanauruka. Siku ya kesi, mkataba ambao haujalipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini.

6. Pima kutoka barabarani.
Kiwanja cha kando ya barabara kinavutia, ila barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga humo, siku ya kupanua barabara unawekewa alama ya X na hulipwi fidia. Beba futi kamba. Mimi nilifanya hilo, na ndilo jambo pekee nililolipatia toka mwanzo.

7. Mjini, fanya upekuzi.
Kama unanunua Ruangwa au Nachingwea mjini, penye viwanja vilivyopimwa, chukua namba ya kiwanja na kitalu uende ofisi ya ardhi. Uliza hati iko kwa jina la nani, imewekwa rehani benki au la, kodi ya ardhi inadaiwa miaka mingapi, na matumizi yake ni makazi au biashara. Kuhamisha hati kuna kibali chake na muuzaji ana kodi ya faida ya mauzo. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Na kabla hujachimba msingi, omba kibali cha ujenzi.

8. Kijijini, tafuta hati ya kimila.
Ukishamaliza kununua, usilale. Ulizia Hatimiliki ya Kimila. Inawezekana pale ambapo kijiji kimepimwa mipaka na kina cheti cha ardhi. Inachukua muda, lakini ndiyo karatasi itakayowasemea watoto wako siku wewe haupo. Kumbuka pia mtu ana miaka 12 ya kwenda kudai ardhi yake. Kukaa miaka mitatu kimya haina maana umeshinda.

9. Kodi za kila mwaka.
Pango lina kodi ya zuio ya asilimia 10. Usidhani kodi ya makadirio unayolipia duka inafunika na vyumba. Nenda TRA wakuelekeze kwa hali yako. Kwa nyumba za mjini, kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU toka 2021.

10. Mpangaji naye ana sheria.
Mwandikie mkataba hata kama ni mtoto wa rafiki yako. Chukua nakala ya kitambulisho chake cha NIDA. Anayelipa kwa mwezi, mpe taarifa ya mwezi mzima kabla ya kumtoa. Akikudai au ukimdai, usimfungie mlango kwa kufuli lako wala kumtolea vyombo nje. Unaweza kuwa na haki ukaipoteza kwa kufuli la shilingi 5,000.

Sasa, yule dada wa Nachingwea afanye nini?

Dada, nakujibu hapa ili na wengine wasikie. Milioni nne zako zigawe. Milioni mbili na nusu rudisha dukani kwanza, kwa sababu Februari na Machi wakulima hawana hela na wewe ndiye utakayewakopesha. Usipokuwa na mzigo, watakwenda kwa mwingine na hawatarudi. Iliyobaki ndiyo ya kiwanja na karatasi. Mwaka huu nunua kiwanja tu. Usifyatue hata tofali moja. Msimu wa korosho ukifika, nenda ukakae pale uone nani anakuja na beseni. Ukiona kimya, karatasi zimekamilika na muhtasari unao, mwakani jenga chumba kimoja kwa faida ya duka, siyo kwa mtaji wake. Chumba hicho kikupe uzoefu wa wapangaji kabla hujajenga cha pili.

Kama huna siku 60 za kutoa mwaka huu, au huna mtu wa kukushikia duka, basi siyo wakati wake. Hakuna aibu kusubiri. Ardhi haiozi.

Na kuhusu kupumzika, mimi bado nafungua duka saa kumi na mbili asubuhi. Bibi yule bado anapita. Mkorosho mmoja niliuacha mbele ya vyumba kwa ajili ya kivuli, na kila Oktoba namwambia aje aokote. Siku hizi ananiletea na mabibo. Ingekuwa nilimtafuta Juni ile kabla ya kutoa hela, ningekuwa nimeokoa miezi na tofali 2,000.

Mwenye swali aulize hapa chini. Na mwenye ndugu anayetaka kununua kiwanja wiki hii, msomee kwanza namba 3.